Saa 220 mkononi: kuanza na Caravan ao Let 410 hapa Lubumbashi, ao kulipa kibali cha A320?

Mudogo_Katuba
Jambo ba yaya. Swali ni la mtu mwenye CPL (lisansi ya rubani wa biashara) na IR (ruhusa ya kuruka kwa vyombo) ya moteri mbili, saa 220 za kuruka kwa jumla, Kiingereza cha ICAO (shirika la dunia la usafiri wa anga) kiwango cha 4. Njia ni tatu: kiti cha kuume (cha kopiloti) kwenye Caravan ya mizigo, ndeke ya moteri moja, ukopiloti wa Let 410 UVP-E ya moteri mbili kwa safari za Manono na Kalemie, ao familia ichange feza aende nje kuchukua kibali cha A320 (ruhusa ya kurusha aina hiyo ya jeti), kisha atafute jeti moja kwa moja. Watu wanasema ukianza na ndeke za elisi, utazeekea kwenye elisi. Ni kweli? Na saa za kiti cha kuume zinahesabiwaje?

Komanda_Luano
Mudogo, swali lako la mwisho lingekuwa la kwanza.

Kwa ATPL (lisansi ya juu kabisa ya rubani), ICAO inataka saa 1,500. Ndani yake ziwemo saa 250 za ukomanda (70 za ukomanda kamili na zilizobaki chini ya usimamizi zinakubalika, ao 500 zote za usimamizi), 200 za safari ndefu, 100 za usiku na 75 za vyombo. Saa za usiku ndizo zinazochelewesha wengi huku kwetu, maana viwanja vya ndani visivyo na taa vinafungwa jua likizama. Anza kuzitafuta mapema.

Sasa Caravan. Imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Mamlaka ikidai awepo wa pili, saa za huyo wa pili zinahesabiwa nusu tu kuelekea lisansi ya juu, isipokuwa ndeke imepangwa kwa kazi ya watu wawili na mamlaka imekubali zihesabiwe zote. Kama hakuna anayedai kopiloti, wewe ni abiria mwenye kofia ya masikio. Saa 1,000 za kuume zinaweza kukuachia 500, ao sifuri. Let 410 inahitaji marubani wawili kwa hati yake, kwa hiyo saa zote ni zako.

Uzito nao una maneno. Grand Caravan mwisho wake ni kilo 3,969. UVP-E ni kilo 6,400, nyingine 6,600. Mstari ambao kanuni nyingi zinautumia kutenga ndeke ndogo na kubwa ni kilo 5,700, na Let iko juu yake, ingawa kidogo. Wanaoajiri wanasoma safu hiyo ya kitabu chako cha saa kabla hawajasoma jina lako.

Lakini ukipewa Caravan uirushe kama komanda, hesabu inageuka. Hapo unakula zile 250 haraka.

Reli_na_Mbawa
Kuhusu A320. Kibali ukijilipia ni dola elfu 20 hadi 30 hivi, bila hoteli na viza. Kinaishi miezi 12. Ukikosa kazi, unalipa tena simuleta ya kukihuisha, na ndani ya siku 90 unatakiwa uwe na kupaa na kutua mara tatu. Mtu mwenye kibali cha A320 na saa sifuri za A320 anasimama mstari mmoja na maelfu wa aina yake. Lipa kama kuna barua ya kampuni ya kukupa kiti, yenye tarehe. Bila barua, feza ya familia ibaki nyumbani.

Ile ya "kuzeekea kwenye elisi" si kweli, ila kuhama kuna kazi yake. Anayetoka elisi anakosea hasa kwenye kushuka. Ukivuta leva, elisi zinageuka breki na ndeke inapungua mwendo huku inashuka. Jeti haina hiyo zawadi: inashuka ao inapunguza mwendo, vyote pamoja kwa shida sana. Chukua Luano, kiwanja cha Lubumbashi, futi karibu 4,300 juu ya bahari. Uko futi 35,000. Una futi elfu 30.7 za kushuka, maili 3 kwa kila elfu: ni maili 92 za bahari, ongeza 10 za kupunguza mwendo: anza kushuka maili 102 kabla. Ukichelewa maili 20, utamaliza kwa breki za hewa na magurudumu nje mapema, na kama futi 1,000 juu ya kiwanja bado hujatulia, rudi juu.

Kosa la pili ni moteri. Kwenye elisi, upepo wa elisi unapita juu ya bawa mara unaposukuma leva. Moteri ya jeti ikiwa chini kabisa, kanuni ya hati ya ndeke inairuhusu sekunde 8 kufikia nguvu ya kurudi juu. Sekunde 8 ukiwa chini na mwendo umeisha ni nyingi mno.

Fundi_Kampemba
Niongeze la chini, la fundi. Turbopropu (moteri ya tabini inayozungusha elisi) inakufundisha kuheshimu moteri, kwa sababu unaweza kuiunguza kwa mkono wako kabla hujatoka kwenye maegesho.

Caravan, moteri PT6A-114A. Batri isipofika volti 24, usijaribu nayo peke yake. Stata inazungusha, unangoja Ng (kasi ya mzunguko wa ndani ya moteri) ifike angalau asilimia 12 na itulie, ndipo leva ya mafuta. Sasa macho yasitoke kwenye ITT (joto la ndani ya tabini). Mwisho ni digrii 1,090, na kwa sekunde 2 tu. Batri ikiwa imechoka, ao upepo unaingia kwa nyuma, hewa ni kidogo na mafuta ni yaleyale: sindano inapanda bila kupunguza kasi. Usingoje ifike. Kata mafuta, *acha stata iendelee kuzungusha* ili joto litoke. Wengi wanakata vyote viwili kwa hofu, moto unabaki ndani ukila majani ya tabini. Stata nayo ina kipimo: sekunde 30, pumzika 60, 30 tena, 60 tena, 30 ya mwisho, kisha nusu saa.

Na Oktoba, ba yaya. Luano iko mita 1,309, joto la kawaida la urefu huo ni digrii 6 na nusu. Siku ya digrii 32, ndeke inaona kama iko futi 7,300. Kwenye Let, hakikisha mfumo wa kulaza majani ya elisi yenyewe umewashwa kabla ya kuruka. Moteri ikizima na elisi ikabaki inazunguka na upepo, umebeba ubao uliosimama upande mmoja, na moteri iliyobaki nayo imepungukiwa hewa.

Mudogo_Katuba
Aksanti sana. Basi ni Let. Ile orodha ya Ulaya haitachafua saa?

Komanda_Luano
Orodha hiyo, tangu 2006, inafunga kampuni za Kongo zisiruke Ulaya. Haifuti saa za rubani. Ila zitahakikiwa kwa ukali, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi kitabu kipigwe muhuri na mkuu wa marubani, na uweke nakala ya karatasi za safari. Kampuni ikifungwa, hakuna atakayekusainia. Na kabla ya mkataba, uliza umefungwa miaka mingapi kwa ajili ya mafunzo, na deni linapungua kwa mwezi ao linabaki lote hadi siku ya mwisho.

Kiwango cha 4 cha Kiingereza kinapimwa tena kila miaka 3. Redio ya huku ni Kifaransa zaidi, utakipoteza usipokizoea. Tafuta cha 5 ungali kopiloti.