Tupeane uzoefu: pembetatu au pembenyingi gani iliwahi kukutoa jasho?

Baba Mwana
Wakuu salaam. Jana usiku binti yangu kanijia na protrakta na pembetatu aliyoichora mwenyewe. Kapima pembe zote: 64, 71, 43. Kajumlisha, 178. Kafuta, kapima upya, 181. Machozi yanamlengalenga: "Baba, mwalimu kasema 180." Nikakumbuka nilipokuwa na umri wake, nikiongeza nyuzi mbili kimyakimya ili jumla itimie, nikiamini mkono wangu ndio mbovu. Nikamwambia achane kona zote tatu azipange ncha kwa ncha kwenye rula. Zikalala mstari mmoja, akacheka. Nimeshindwa kulala, nikaona nifungue uzi. Nani mwingine ana lake?

Nukta
Kuongeza nyuzi kimyakimya tulifanya wengi mkuu.

Chaki Nyeupe
Mimi ni mwalimu na hili bado linaniuma. Niliandika ubaoni: chora pembetatu yenye pande sm 5, sm 6 na sm 12. Namba nilizitoa kichwani bila kufikiri. Darasa zima likainamia bikari. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mikono yake haikutani." Nikamwambia hajui kushika bikari, arudie. Akarudia mara tatu. Wenzake walikuwa wamelazimisha, mmoja kaupinda mstari kabisa, na nikawapa vema. Jioni nikachora mwenyewe. Tano na sita ni kumi na moja, zitaufikiaje upande wa kumi na mbili? Pande mbili zozote lazima zizidi wa tatu, jambo ambalo nilikuwa nalifundisha kwa mdomo kila mwaka! Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya darasa. Tangu hapo swali langu la kwanza kwenye mada hii ni lile lile la 5, 6, 12, na ninasubiri nani atathubutu kusema haiwezekani.

Kipeo
Baba Mwana, kuchana karatasi siyo uthibitisho. Umemfundisha mtoto mazoea mabaya. Karatasi moja ikikubali, je nyingine?

Baba Mwana
Mkuu, alikuwa analia.

Kipeo
Naelewa, lakini mpe kitu kamili. Achore mstari unaopita kwenye kipeo cha juu, sambamba na kitako. Pembe mbili za chini zinapanda juu kama pembe mbadala, zinakaa kushoto na kulia kwa ile ya juu. Tatu kwa pamoja ni mstari mnyoofu, basi. Hapo hakuna protrakta ya kutetemeka. Euclid, yule mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alishalimaliza hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Dada Rula
Ile karatasi iliyochanwa inaonyesha hichohicho, Kipeo. Mtoto kwanza aone, sababu zitafuata.

Fundi Timazi
Naomba niandike kwa urefu, nimelibeba miaka mingi.

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kuseti msingi peke yangu, mkubwa wangu hayupo. Ramani ya mstatili, mita 12 kwa 9. Nikapigilia vigingi vinne, nikafunga kamba, nikapima kwa tepu: 12, 9, 12, 9. Hata sentimita haikupotea. Nikajiambia imekaa. Hanamu, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala, sikupima. Vibarua wakachimba, tofali zikapanda, lenta ikamwagwa, kila siku napita na pima maji na timazi na kuta zimesimama wima vizuri.

Siku ya kupandisha kenchi za paa, seremala akaniita kutoka juu: "Fundi, njoo uone." Kenchi ya mwisho ukiiweka mraba na ukuta mrefu, ncha moja inakaa juu ya ukuta wa kando, ncha ya pili iko sentimita 47 mbali nao. Miguu iliniisha nguvu. Nikapanda na tepu, tukaivuta juu ya lenta kona kwa kona. Hanamu ya kwanza mita 15.37. Ya pili 14.62. Zote zilitakiwa 15 kamili, maana 9, 12, 15 ni ileile 3, 4, 5 mara tatu.

Kona zangu zilikuwa 87, 93, 87, 93. Jumla 360 kama kawaida. Pande sawasawa na ramani. Na nyumba haikuwa mstatili, ilikuwa msambamba! Nyuzi tatu tu, jicho halizioni ukiwa umesimama chini.

Nilimwambia mwenye nyumba siku hiyohiyo. Akanyamaza, kisha akauliza, "Itaanguka?" Nikamjibu haianguki, ila kila chumba kitakachowekwa vigae, mstari wa mwisho utaanza mpana na kuisha mwembamba. Vijana, pande nne hazikupi pembe. Pembetatu ukijua pande zake tatu umemaliza, haina umbo jingine la kuchukua. Pembenne inalala utakavyo.

Nukta
Fundi, pole sana. Kenchi mlizifanyaje?

Kamba na Kigingi
Fundi, hanamu ya nini? Piga 3-4-5 kwenye kona, yaani mita 3 ukuta mmoja, 4 ukuta wa pili, na kati ya alama hizo iwe 5, songa mbele.

Fundi Timazi
Kamba, kosa la sentimita 1 kwenye mita 3 linakuwa sentimita 4 ukifika mita 12. Ukitaka kona, tumia 6-8-10, kubwa kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Kisha hanamu zikuhakikishie.

Dada Rula
Na hanamu pekee zisikudanganye. Trapeza (pembenne yenye jozi moja tu ya pande sambamba) ikiwa na miguu sawa, nayo hanamu zake ni sawa. Pande zinazotazamana ziwe sawa KWANZA, ndipo hanamu.

Kamba na Kigingi
Hilo la trapeza sikuwahi kulifikiria. Nalichukua.

Mbao Mbili
Fundi kanikumbusha geti langu la kwanza. Fremu ya mbao nne, misumari kila kona, baada ya miezi limeinama hadi linakwaruza chini. Nikaongeza misumari, likainama tena. Dawa ilikuwa mbao moja ya mshazari, kutoka chini upande wa bawaba kwenda juu upande wa komeo. Pembenne ikawa pembetatu mbili.

Seremala Mwendo
Unapotosha watu. Mshazari unaanzia JUU upande wa bawaba. Langu lina miaka kumi halijayumba.

Mbao Mbili
La kwako umeweka mbao au waya?

Seremala Mwendo
Waya wa kukaza.

Mbao Mbili
Basi wote tuko sawa. Mbao inasukuma, lazima isimame chini ya mzigo. Waya unavuta, lazima uning'inie juu.

Bahari Kuu
Hiyo 180 mnayoishikilia ni ya karatasi. Tokea ncha ya kaskazini hadi ikweta, fuata ikweta robo ya dunia, rudi ulikotoka. Kona tatu za nyuzi 90. Jumla 270.

Kipeo
Umetuletea mpira, sisi tuko kwenye bapa. Usimchanganye mtoto wa watu.

Bahari Kuu
Akijua sababu hatachanganyikiwa. Ule mstari wako sambamba ndio usiopatikana juu ya mpira.

Kipeo
Hapo umenena.

Mpima Mipaka
Langu fupi. Kiwanja cha kona saba, jumla ya pembe za ndani lazima iwe 900, yaani kona toa mbili, mara 180. Nikapata 890. Nilirudi kwenye jua kali kupima kona zote upya, na kosa lilikuwa kwenye daftari: nimeandika 117 mahali pa 127. Siku hizi najumlisha kabla sijakunja vifaa. Wanafunzi, karirini kanuni hiyo.

Dada Rula
Wasikariri! Simama kona moja, vuta mistari kwenda kona nyingine zote, hesabu pembetatu. Kona saba, pembetatu tano. Ukisahau kanuni unaijenga tena papo hapo.

Baba Mwana
Wakuu, binti karudi. Leo ni pembetano iliyobonyea kwa ndani. Inatakiwa 540, yeye kapata 420. Amepima mara mbili.

Chaki Nyeupe
Kona iliyobonyea kaipima ngapi?

Baba Mwana
120.

Chaki Nyeupe
Kaipima kwa nje. Protrakta yake inaishia 180 na pembe ya ndani pale imezidi hapo. Atoe 120 kwenye 360. Mwache atoe mwenyewe.

Baba Mwana
240. Kajumlisha upya, 540 kamili. Sasa anachora yenye mibonyeo miwili.