Tupeane uzoefu: mnaoishi miji ya Marekani iliyoahidiwa "viwanda vinarudi", kwenu vimerudi kweli?

Mtoto wa Moro:
Wakuu heshima kwenu. Jana natoka shifti ya usiku nikamkuta jirani yangu, mzee wa kizungu, anang'oa bango la kampeni lililokaa uani kwake tangu uchaguzi. Nikasimama tukaongea karibu nusu saa, na hayo maongezi yamenikosesha usingizi. Niko Ohio, karibu na Lordstown. Baba yake huyu mzee alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma Youngstown, ile Jumatatu ya 19 Septemba 1977 walipotangaza kufunga kiwanda cha Campbell watu kama 5,000 wakabaki mikono mitupu. Yeye akaingia kiwanda cha magari hapa Lordstown, Machi 2019 likatoka gari la mwisho na yeye akatoka. Anasema Julai 2017 Trump alikuja Youngstown akawaambia kazi zinarudi, msiuze nyumba zenu. Yeye hakuuza. Mwanae akauza akahamia Tennessee, na nyumba ninayolala mimi leo ndio hiyo ya mwanae.

Baada ya hapo ikaja kampuni ya pikapu za umeme ikachukua lile jengo, watu wakashangilia, Juni 2023 ikafilisika. Kiwanda cha betri jirani yake kilifunguliwa na kikaajiri, hilo siwezi kukataa. Lakini mzee anasema betri ni kazi nyingine na watu wengine.

Sisi tuliokulia Morogoro haya tunayajua, unapita kwenye ukuta umeota majani unaambiwa hapa vilikuwa vinatoka viatu. Sasa nataka kusikia wenzangu mlioko kwenye miji hii. Kimerudi nini, na kimerudi kwa nani?

Kaka wa Boksi:
Umenena mkuu. Kwetu Wisconsin hivyo hivyo.

Uvira Mpaka Ohio:
Bandugu salamu. Mi niko Dayton tangu 2016, nilitoka kambi ya Nyarugusu na familia. Hapa kile kiwanda cha magari cha Moraine kilifungwa tarehe 23 Desemba 2008, siku mbili kabla ya Noeli, fikiria. Baadaye Wachina wa kampuni ya Fuyao wakanunua lile jengo wanatengeneza vioo vya magari, kwa hiyo ukiniuliza mimi nitasema kazi zilirudi, watu zaidi ya elfu waliajiriwa. Ila wazee waliokuwepo zamani wanasema mshahara wa mwanzo ulikuwa kama nusu ya ule wa kwanza. Novemba 2017 wakapiga kura kama waingie yunioni, yaani chama cha wafanyakazi, 868 wakakataa, 444 wakakubali.

Mi sifanyi hapo. Niko kampuni ingine, kwa ajensi, mwaka wa tatu sasa. Beji yangu ni ya chungwa, wale wa kampuni wana ya bluu. Kazi ni ile ile, laini ile ile, jasho ile ile, lakini chungwa hana likizo ya kulipwa. Kazi iko nguvu. Mwanasiasa akija anahesabu na sisi wa chungwa.

Mchumi wa Kata:
Naomba niweke picha kubwa. 1979 ajira za viwandani Marekani zilikuwa kama milioni 19.5, ndio kilele chake. Mwanzoni mwa 2010 zikashuka hadi karibu milioni 11.5, na mpaka leo hazijafika 13. NAFTA, mkataba wa biashara huria na Mexico na Canada, ilianza Januari 1994, China ikaingia WTO, shirika la biashara duniani, Desemba 2001, lakini mashine nazo zimekula sana, tusisingizie mkataba peke yake. Halafu ushuru wa bidhaa kutoka nje una gharama zake. 2018 walipoweka ushuru kwenye mashine za kufulia wachumi walikokotoa zilipatikana kazi kama 1,800, na kila kazi moja wanunuzi wakailipia zaidi ya dola 800,000 kwa mwaka. Mwaka 2025 ushuru ukapandishwa kila kona, na ajira za viwandani zikapungua badala ya kuongezeka.

Fundi Spana:
Mchumi wewe unaishi wapi? Uzi ni wa uzoefu. Lete yako.

Mchumi wa Kata:
Naishi Racine, Wisconsin. Uzoefu wangu ni huu: 2017 tuliahidiwa na Foxconn, kampuni ya Taiwan ya vifaa vya elektroniki, ajira 13,000 hapa Mount Pleasant, Juni 2018 Trump akaja kwenye sherehe ya kuchimba udongo akasema ni ajabu ya nane ya dunia. Watu walinunuliwa nyumba zao, wengine hawakutaka kabisa kuuza. 2021 mkataba ukaandikwa upya, ajira 1,454. Leo sehemu ya ile ardhi Microsoft wanajenga kituo cha data, Biden naye akaja Mei 2024 kukisifia. Mashamba ya kabichi yameondoka na kabichi hazirudi. Inatosha?

Kaka wa Boksi:
Inatosha mkuu. Nilisahau kwamba tuko kaunti moja.

Binti Likoni:
Nilikuwa nasoma nipite, ila hilo neno "kurudi" limenigusa pabaya, acha niseme.

Mimi ni wa Likoni, niko Indiana tangu 2006. 2008 nikaingia kiwanda cha vipuri vya magari, sikitaji jina. Miaka kumi na moja kwenye mashine moja ya kupiga bati, tukiiita Saba kwa sababu ya namba yake. Februari 2019 wakatukusanya kantini, akaja mtu wa makao makuu akasoma karatasi dakika nne hivi, kazi inahamia Monterrey, Mexico. Tulikuwa watu 640 pale na hakuna aliyepiga kelele, nakumbuka nilikuwa nasikia friji ya soda inanguruma.

Sasa kufungwa peke yake si ndio kubaya, kubaya kulikuja baadaye. Walitaka watu wanne wabaki kuwafundisha wageni, ukikaa miezi mitatu unapewa dola 5,000 juu ya mshahara. Mtoto wangu mkubwa alikuwa anaingia koleji na mume wangu mgongo umeshaharibika, nikasaini. Kesho yake kwenye kabati langu la nguo nikakuta nimeandikwa msaliti kwa maka peni nyeusi. Na mwandiko niliujua, ni wa mtu ambaye watoto wake nimewalea wikendi mama yao akiwa hospitali.

Wageni wakaja. Mimi nikapewa msichana wa miaka 24, Kiingereza chake cha kuokoteza kama changu nilipofika. Saba ilikuwa na ukorofi wake, asubuhi ya baridi lazima uizungushe tupu mara ishirini, halafu uipige kofi ubavuni karibu na boksi la umeme, la sivyo inakutolea bati limepinda. Hilo haliko kwenye kitabu chochote. Nililala macho usiku mzima nawaza nimwambie au nimwachie ajionee. Asubuhi nikamwambia. Ndani ya kofia yake alikuwa amebandika picha ya mtoto, na mshahara wake wa siku nzima haukufika ninaolipwa mimi kwa saa moja.

Siku ya kuzing'oa wakaja mafundi wa kukodi na winchi. Saba ilikaa pale tangu sijazaliwa. Walipoinyanyua likabaki umbo lake sakafuni, saruji nyeupe peee kama ngozi ukibandua plasta. Kuna mzee aliyeiendesha miaka thelathini na moja kabla yangu, ndiye aliyenifundisha lile kofi. Siku hiyo alipaki pikapu yake getini tangu alfajiri. Lori lilipotoka akawasha akalifuata. Tukaogopa, tukampigia mkewe. Kumbe alilifuata barabara ya 65 mpaka karibu na Louisville, akaliangalia linavuka daraja la mto Ohio kuingia Kentucky, akageuza akarudi nyumbani. Hakumwambia mtu kitu. Mpaka leo tukikutana dukani ananiuliza, Saba haijambo huko?

Tangu hapo lile jengo tupu limekuja kupigiwa picha na wanasiasa wa vyama vyote viwili, mmoja alisimama palepale kwenye umbo la Saba akasema atazirudisha. Na mwaka jana kweli kampuni nyingine ikachukua jengo, likatoka tangazo kwamba viwanda vimerudi kaunti yetu. Nafasi 70. Roboti ndio zinapiga bati, wanataka watu wa kuzirekebisha. Nimeomba.

Kaka wa Boksi:
Dah. Nimesoma mara mbili. Pole sana dada.

Fundi Spana:
Pole mama, lakini nitasema ukweli wangu. Ulikosea. Wangekosa wa kuwafundisha, wangechelewa mwaka mzima. Mimi ningemfundisha kila kitu isipokuwa lile kofi.

Binti Likoni:
Mwanangu, mashine ile ilikuwa na uwezo wa kumkata mtu vidole. Ningemficha ningekuwa nimemficha mama wa mtoto, si kampuni. Kampuni ilikuwa imeshaondoka siku ile ya kantini.

Mtoto wa Moro:
Fundi hapo mwache mama. Wewe hukuwa na bili zake.

Fundi Spana:
Bili ninazo mkuu. Mimi ni mwanachama wa yunioni Michigan, 2023 tuligoma na UAW, chama cha wafanyakazi wa magari, wiki sita, tunakula maharage na mke yuko mjamzito, na tulipata nyongeza ya asilimia 25 kwenye mkataba wa miaka minne na nusu. Kwa hiyo nikisema watu wakatae sisemi nikiwa kwenye kochi. Lakini mama nimekusikia hapo kwenye vidole, naomba radhi.

Nyambura wa Athi:
Habari zenu huko majuu. Mimi niko Athi River, Kenya, kwa EPZ, zile viwanda za kuuza nje, nashona suruali za kuja huko kwenu. Wakati AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru, ilikuwa inaisha Septemba 2025 tulikuwa tunaenda job kila siku bila kujua kama Jumatatu tutapata geti imefungwa. Nimesoma hii uzi yote, kila mtu anasema kazi zirudi. Kwani zikirudi zinatoka wapi? Binti Likoni ndiye peke yake amemkumbuka yule mwingine.

Uvira Mpaka Ohio:
Dada, hakuna mtu hapa atashona suruali kwa mshahara yako. Usiogope.

Nyambura wa Athi:
Najua hawatashona. Watanunua kidogo tu, na sisi tutapunguzwa. Wao hawatapata kazi na mimi nitapoteza yangu.

Mchumi wa Kata:
Nyambura amesema kwa mistari miwili nilichotaka kusema kwa takwimu.

Dereva wa Masafa:
Wadau ushauri wangu, acheni viwanda, chukueni leseni ya lori. Mimi nabeba vya kuja na vya kuondoka, ushuru upande ushuke gurudumu linazunguka.

Kaka wa Boksi:
Lori nalo si watasema linajiendesha? Mimi nasema koleji ya jamii, umeme wa viwandani, miaka miwili. Columbus, Ohio, watu walikimbilia hizo kozi 2022 Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, walipoanza kuchimba msingi wa kiwanda.

Dereva wa Masafa:
Na sasa Intel wamesogeza kukamilika mpaka 2030 au 2031. Shemeji yangu alinunua nyumba Licking County kwa kusubiri hiyo ajira. Msinunue nyumba kwa sababu ya sherehe ya kuchimba udongo!

Mtoto wa Moro:
Mbona mimi nilinunua kwa sababu kiwanda kimefungwa, ndio maana ilikuwa bei nafuu. Usiku mwingine nikikumbuka nalala humo kwa sababu mtoto wa jirani alikosa kazi, naona vibaya. Leo asubuhi nimempelekea mzee chai na maandazi. Amekubali chai.

Fundi Spana:
Uvira, wewe wa beji ya chungwa, miaka mitatu kwa ajensi ni mingi mno. Tafuta ofisi ya yunioni iliyo karibu nawe, kuuliza haki zako hakuhitaji ruhusa ya supavaiza.

Uvira Mpaka Ohio:
Sawa kaka. Lakini nikionekana hapo kesho hawaniiti kazini. Na nyumbani tuko batu saba.

Fundi Spana:
Niandikie pembeni. Tutaongea kwa simu, taratibu.

Kaka wa Boksi:
Binti Likoni, hukumalizia. Umeomba, wamekujibu nini?

Binti Likoni:
Wamenijibu. Mtihani wa kwanza ulikuwa hesabu na kusoma michoro, nimepita. Wa pili ni Jumanne saa nne asubuhi, unakaa mbele ya roboti wameiharibu kusudi, unatafuta ubovu. Binti yangu ananifundisha usiku kwenye laptopu yake. Yule msichana wa Monterrey naye bado tunaandikiana, nilimwambia, akanitumia video ya Saba. Wameipaka rangi ya kijani. Lakini asubuhi bado wanaipiga kofi, nimemwona kwa macho yangu.