Naombeni ushauri: nina dakika 40 redioni kumsimulia Álvaro Cunhal, nianzie wapi?

Kalamu ya Kusini:
Habari zenu wanajamvi, wakubwa shikamooni.

Natayarisha kipindi cha redio ya jamii huku Mtwara kuhusu namna utawala wa Mreno ulivyoanguka kule kwao Ureno. Habari za FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, huku tunazijua. Bibi yangu aliwapokea wakimbizi waliovuka Ruvuma, akawapikia ugali wa muhogo, na mpaka anafariki alikuwa akiwataja kwa majina. Ila ukimuuliza kijana wa hapa ni nani kule Lisbon alikuwa akipambana na dikteta wao Salazar, anabaki kukutazama.

Nimemchagua Álvaro Cunhal, Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti cha Ureno kuanzia 1961 hadi 1992. Kazaliwa Coimbra 1913, kaingia chamani 1931 akiwa na miaka 17, kafariki Juni 13, 2005 akiwa na miaka 91. Waziri mkuu hakuwahi kuwa, rais hakuwahi kuwa.

Mhariri wangu anataka nifungue na kutoroka jela, maana ndipo penye msisimko. Mimi nahofia nikianzia hapo nitajenga shujaa wa hadithi, halafu nikifika 1968, alipounga mkono majeshi ya Kisovieti kuingia Chekoslovakia, msikilizaji aone nilikuwa namficha. Nianzie wapi? Na hiyo 1968 niiweke wapi? Natanguliza shukrani.

Mvuvi wa Tejo:
Mkuu, niko Ureno mwaka wa tisa sasa, na ngome ya Peniche nimeingia mara mbili. Tangu Aprili 2024 ni makumbusho ya taifa. Mhariri wako usimpuuze, ila toroko lenyewe lisimulie polepole.

Ngome imekaa juu ya mwamba, bahari inapiga chini yake mchana na usiku, na ule upepo unakuingia mpaka mifupani. Nilichokumbuka zaidi si vyumba vya wafungwa. Ni chumba cha kuonana na ndugu: kioo katikati, mfungwa huku, mkewe au mama yake kule, na askari anasikiliza kila neno. Nilisimama upande wa wageni nikaweka kiganja kwenye kioo. Baridi.

Januari 3, 1960, jioni, walitoka wafungwa kumi. Nje lilipita gari likiwa na buti wazi, ndiyo ishara kwamba mambo ya nje yako tayari. Mlinzi mmoja wakamlaza kwa klorofomu. Askari mwingine, aliyekwisha kukubaliana nao, akawavusha mmoja mmoja chini ya koti lake kubwa, wakapita sehemu ambayo wangeonekana, kisha wakashuka ukuta kwa mashuka yaliyofungwa pamoja. Cunhal alikuwa amekamatwa Machi 1949, kwa hiyo alikuwa ndani karibu miaka kumi na moja, mingi kati ya hiyo akiwa peke yake chumbani. Kwenye upweke huo alichora wakulima na wanawake wa kazi kwa penseli, akatafsiri Shakespeare, akaandika riwaya. Riwaya zake zilitoka kwa jina la Manuel Tiago, na hakukiri hadharani kwamba Manuel Tiago ni yeye mpaka miaka ya 90.

Hapo mwambie msikilizaji wako: mtu anayeweza kutunza siri ya jina miaka yote hiyo ni mtu wa namna gani?

Wakili Mstaafu:
Mwanangu, marahaba. Mimi ningeanzia 1940. Cunhal yuko mahabusu, anasomea sheria Chuo Kikuu cha Lisbon. Anatolewa jela chini ya ulinzi wa polisi, anapelekwa mbele ya maprofesa kutetea tasnifu yake ya mwisho. Mada aliyoichagua ni utoaji mimba, ndani ya Ureno ya Salazar na Kanisa! Na mmoja wa maprofesa waliokaa kumsikiliza ni Marcelo Caetano. Kijana alifaulu kwa alama za juu.

Huyo Caetano ndiye aliyerithi kiti cha Salazar 1968, na ndiye aliyepinduliwa Aprili 25, 1974. Siku tano baadaye, Aprili 30, yule mtahiniwa anashuka uwanja wa ndege wa Lisbon akitoka uhamishoni, anapanda juu ya gari la jeshi na kuhutubia umati. Ukifungua na chumba cha mtihani, kisha ukaenda moja kwa moja uwanja wa ndege, umeshampa msikilizaji miaka 34 kwa dakika tano. Peniche iingie katikati.

Hesabu Kwanza:
Samahani wakuu, naona tunaelekea kumpamba. Kura nazo zisemwe. Uchaguzi wa kwanza huru, Aprili 25, 1975: wasoshalisti wa Mário Soares karibu asilimia 38, chama cha Cunhal asilimia 12 na nusu hivi. Kilele chake 1979, akiwa kwenye muungano, kama 18.8. Mwaka 1991 wameshuka chini ya tisa. Wananchi walimheshimu kwa jela yake, lakini wengi hawakutaka awatawale, na walikuwa na sababu. Walikuwa wametoka kwenye chama kimoja na polisi wa siri, PIDE, halafu huyu anatetea dola zenye chama kimoja na polisi wa siri.

Mdahalo wake na Soares kwenye televisheni, Novemba 6, 1975, ulichukua muda wa karibu saa nne nzima. Soares alipomshutumu kwamba chama chake kinataka udikteta, alijibu "olhe que não", yaani tazama, sivyo. Wareno wanaurudia msemo huo mpaka leo. Wiki tatu hazijaisha, mrengo wa kushoto jeshini ukashindwa Novemba 25, na mlango wa wakomunisti kushika dola ukafungwa.

Kwa hiyo 1968 usiifiche mwishoni. Iweke mara tu baada ya Peniche, sentensi inayofuata. Ugumu uliomwezesha kutotaja jina la mwenzake mbele ya PIDE ndio uleule uliomfanya asiikosoe Moscow.

Mvuvi wa Tejo:
Hesabu, hapo nakubaliana nawe, ila ongeza 1986. Duru ya pili ya urais ilikuwa kati ya Soares, hasimu wake mkubwa, na Freitas do Amaral wa mrengo wa kulia. Cunhal aliitisha mkutano mkuu wa dharura, akawaambia wanachama wampigie Soares; ikibidi wafunike picha yake kwa mkono mmoja na kuweka alama kwa mwingine. Soares akashinda kwa asilimia 51 na kidogo. Mtu mgumu, lakini alijua kuhesabu.

Babu wa Nachingwea:
Wajukuu, mmesema vizuri, ila mmesahau mto wetu. Chama chake kilitamka kwenye mkutano wake mkuu wa 1957 kwamba makoloni yana haki ya uhuru kamili. Hiyo ni miaka mitano kabla FRELIMO haijazaliwa Dar es Salaam. Agostinho Neto wa Angola alipotoroka Ureno 1962, ni watu wa chama hicho waliomsaidia. Na baada ya Aprili 1974 Cunhal aliingia serikali ya mpito kama waziri asiye na wizara maalumu. Makubaliano ya Lusaka yakasainiwa Septemba 7 mwaka huohuo, akiwa ndani ya serikali hiyo. Sisi hapa tuliwaona vijana wa Msumbiji wakifanya mazoezi asubuhi na mapema, na hatukujua kwamba kule kwa Mreno kuna Wareno wanafungwa kwa kusema vita ile si haki. Ningefurahi kuisikia hiyo redioni kabla sijafa.

Kalamu ya Kusini:
Babu, shikamoo, na asante sana. Nimekaa na daftari tangu alfajiri. Nafungua na mtihani wa 1940, naenda uwanja wa ndege, narudi Peniche, na 1968 inafuata palepale kama alivyosema Hesabu. Dakika kumi za mwisho ni Ruvuma. Babu, ukiridhia nitakuja na kinasa sauti.

Bado neno moja linanisumbua. Lile gari la jeshi alilopanda lilikuwa na magurudumu, si minyororo. Nikisema kifaru nitakuwa nimekosea. Nisemeje?

Babu wa Nachingwea:
Sema gari la deraya. Na uje Jumamosi, asubuhi, kabla jua halijawa kali.