Spartina chotara ya San Francisco: iondolewe yote, au kiluwiri aachiwe maficho?

Gugumaji: Wadau, hoja ni hii. Miaka ya 1970 wahandisi wa jeshi la Marekani walipanda Spartina alterniflora, nyasi ya pwani ya mashariki ya nchi hiyo, katika ghuba ya San Francisco ili ishike udongo. Ilipandana na ndugu yake wa asili ya huko, Spartina foliosa, na chotara waliotoka wanazaa vizuri kuliko wazazi wao. Kuwaua kwa dawa kulishika kasi kuanzia 2005, walipokuwa wameenea zaidi ya hekta 300, na sehemu kubwa sana imekwisha. Kilichobaki kinagombaniwa kwa sababu kiluwiri wa Ridgway, ndege aliye hatarini kutoweka, anajificha na kutaga humo. Msimamo wangu: iondolewe yote, hata hayo mabaki.

Domorefu: Mkuu, umeanza na nyasi, mimi naanza na maji. Majira ya baridi bahari ikijaa kupita kiasi, kinamasi kizima hufunikwa. Foliosa wakati huo imekauka na kulala. Chotara hukaribia mita 2 na mabua yake husimama, kwa hiyo kiluwiri anabaki na pa kusimama asionekane na mwewe, mbweha wala paka. Nyasi zilipoondolewa kwa haraka, idadi ya ndege ilishuka, ndiyo maana 2011 serikali ilisimamisha dawa katika baadhi ya maeneo. Huwezi kumvunjia mtu nyumba kabla hujamwonyesha pa kuhamia.

Gugumaji: Nyumba hiyo inakula shamba lake, ndugu yangu. Kiluwiri hutafuta kaa na kome kingoni mwa vijito vya kinamasi na kwenye tope lililo wazi maji yakipwa. Chotara hushuka chini kuliko foliosa, huingia topeni, mizizi yake hunasa udongo, vijito vinajaa na kuziba.

Halafu kuna chavua, na hapa ndipo pagumu. Chotara humwaga chavua nyingi mno kuliko foliosa, na wengine wamepata uwezo wa kujichavusha. Foliosa ikiwa jirani, maua yake hupokea chavua ya chotara na mbegu zake zinatoka chotara. Kwa nje unaona kichaka cha asili kimesimama. Kizazi kinachoanguka chini yake si cha asili tena. Kila msimu wa maua tunaousubiri unaongeza hao.

Mizani: Mnabishana kana kwamba chotara anatambulika kwa macho. Yule wa kizazi cha kwanza, ndiyo: bua nene, kimo kirefu, duara la kijani kibichi katikati ya tope. Aliyerudi kupandana na foliosa mara mbili tatu anafanana nayo kabisa. Njia ya uhakika ni kukata kipande cha jani, kukikausha kwenye chembechembe za silika, kuandika mahali pake kwa GPS na kupima vinasaba. Fanyeni hivyo mapema kiangazi, majibu yawahi kabla ya dawa. Ukipuliza kwa kukisia, utaua foliosa unayodai kuilinda na kumwacha chotara aliyefichika.

Dawa yenyewe ina masharti. Glifosati, dawa ya magugu iliyotumika mwanzo, ilisumbua kwa sababu hushikamana na tope lililoganda kwenye majani, ikapoteza nguvu kabla ya kuingia. Imazapiri, dawa nyingine ya magugu iliyoruhusiwa majini California 2005, inafaa zaidi, lakini pulizeni maji yakianza kupwa na jani likiwa kavu, ipate saa kadhaa kabla bahari haijarudi. Matokeo huchukua wiki nyingi kuonekana. Msirudie kwa pupa. Kichaka kidogo kinaweza kufunikwa kwa kitambaa cheusi kizito, kingo zikipita mizizi. Ukichimba, kipande cha mzizi kikibaki kinachipua.

Domorefu: Na kalenda? Msimu wa kutaga na kulea unahesabiwa kuanzia Februari hadi mwisho wa Agosti. Ukisubiri Septemba, maua mengi yameshafunga mbegu. Ukiingia mapema, unakanyaga viota.

Mizani: Ndiyo kiini cha ugomvi, na jibu langu ni kupunguza kasi. Watafiti Lampert, Hastings na wenzao walipiga hesabu hiyo mwaka 2014 katika jarida la Science: kuondoa taratibu huku ukirudisha foliosa ni bora kuliko kufyeka kwa mkupuo. Palipo na ndege wengi, ua mbegu kwanza: kata masuke, acha mabua. Mbegu ya spartina haidumu udongoni zaidi ya takriban mwaka mmoja, kwa hiyo usipoiruhusu kudondoka, kinachobaki ni mizizi na mbegu zinazoletwa na maji.

Gugumaji: Masuke nakubali, kwa sharti moja: chotara walio karibu na foliosa safi wasisubiri. Hao wauawe kwanza, ndege wawepo wasiwepo. Ukipoteza foliosa safi, hakuna pa kuchukua mche.

Domorefu: Hapo tunakaribiana, ila mche huo upimwe vinasaba kabla ya kupandwa. Mwaka 1976 spartina nyingine, densiflora, ilipandwa Creekside Park, karibu na ghuba hiyohiyo, katika mradi wa kurudisha kinamasi, nayo ikazaa chotara na foliosa. Na maficho yaje kabla ya dawa: vichaka vya grindelia, mmea wa asili wa vinamasi hivyo, kwenye kingo za juu, na visiwa vya kuelea vyenye paa la majani yaliyosukwa, kama vilivyojaribiwa Arrowhead Marsh, kinamasi cha ghuba hiyo, na viluwiri wakavitumia bahari ikijaa. Foliosa mpya isipofunga kichaka, sitakubali mabua ya jirani yaguswe.

Gugumaji: Foliosa inakua polepole. Ukiweka sharti hilo bila kikomo cha miaka, mabua hayo yatakuwa yanachanua bado wakati wewe unasubiri. Taja kikomo, nami nitaunga mkono.