Bastola ya kutembea nayo Mwanza: nichukue kaliba gani, 9mm, 380 au 45?

Mchuuzi wa Mwaloni

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo ya wenye uzoefu, wale wa "nunua panga tu" naomba mpite kimyakimya.

Mi nanunua mabondo (vibofu vya sangara) na dagaa hapa mwaloni Kirumba, sokoni kwa samaki, na mabondo si mnajua bei yake, halafu wavuvi wengi wa visiwani hawataki habari za simu wanataka noti mkononi. Kwa hiyo mzigo ukichanganya natembea na hela taslimu, leo Ukerewe kesho Sengerema, na tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe navuka hata usiku maana hamna tena kusubiri kivuko. Maombi ya kibali yameshapita mtaa, kata na wilaya, nasubiria huko juu. Sasa kaliba, yaani saizi ya risasi, inaandikwa kwenye leseni, nikichukua kitu kisichonifaa kubadilisha ni kuanza kuzunguka maofisini upya na mi hiyo nguvu sina.

Muuzaji dukani ananiambia chukua 45 ndo ya wanaume. Shemeji yangu anasema 380 inaingia mfukoni hakuna atakayejua. Jamaa mwingine kasema 9mm funga mjadala. Mi ni mwembamba, viganja vyangu vidogo, na kwa joto la huku navaa fulana na kaptura muda mwingi, makoti sina. Nisaidieni.

Ng'wana Bugarika

45 mkuu. Ukimpiga nayo mtu hata kidole cha mguu anakaa chini 😂

Mzee wa Shabaha

Bugarika acha kumdanganya mwenzio, hizo ni hadithi za vijiweni.

Mchuuzi, nimefundisha watu kushika silaha miaka mingi ngoja nikupe hesabu. Risasi ya 9mm ya kawaida ina kichwa cha gramu 8 hivi na inatoka kwenye mtutu kwa kama mita 350 kwa sekunde, nguvu yake inakaribia juli 490. Ya 45 kichwa chake ni kizito karibu mara mbili, gramu 15 kasoro, ila inatembea taratibu, mita 255 hivi kwa sekunde, ukipiga hesabu unapata juli mia nne themanini na kitu. Umeona? Zinalingana. 45 inatoboa tundu kubwa kidogo basi, ila inakupa teke (ule mrudisho mkononi ukifyatua) kubwa zaidi, risasi chache kwenye magazini na bastola nene kiunoni kwa mtu mwembamba kama wewe.

380 ni gramu 6 na ushee, mita 290 hivi, unapata kama juli 260, yaani nusu ya 9mm. 32 iko chini zaidi, juli 170 hivi. Sisemi haziui, zinaua sana tu, ila unapotaka mtu aache anachokifanya sasa hivi sio kesho hospitali, kinachomsimamisha ni risasi kufika ndani kwenye moyo, mishipa mikubwa au uti wa mgongo. Hamna kaliba ya bastola inayomrusha mtu ukutani, hayo muachie watengeneza sinema.

Wamarekani wamepita njia hii hii tena kwa damu. Mwaka 1986 kule Miami FBI, wapelelezi wa serikali yao, walipambana na majambazi wawili, maafisa wawili wakafa na wengine watano wakajeruhiwa. Jambazi mmoja alipigwa 9mm mapema kabisa, ikapita mkononi ikaingia kifuani ikasimama karibu na moyo bila kuufikia, jamaa akaendelea kupiga na kuua. FBI wakasema tatizo ni 9mm, wakahamia 10mm, wengi teke likawashinda, ikatengenezwa kaliba ya 40 mwaka 1990, wakaitumia miaka mingi. Baadae risasi za 9mm zikaboreshwa mno, wakapima kwenye jeli ya majaribio inayowakilisha nyama ya mwili wakakuta inafika kina kilekile wanachokitaka, kati ya sentimita 30 na 45, na maafisa wao wakawa wanalenga vizuri zaidi na kwa haraka zaidi wakiwa na 9mm. Kuanzia 2014 hivi wakarudi walipotoka. Miaka karibu thelathini ya kuzunguka wewe huna haja ya kuirudia.

Kwa hiyo 9mm, ile ya 9x19 ambayo watu wanaiita Parabellum au Luger. Unaipata, bei yake inavumilika, utaweza kufanya mazoezi. Risasi usiyoweza kuinunua ya kutosha kujifunzia haina maana hata iwe na nguvu gani.

Mama Pampu Igoma

Shikamoo Mzee wa Shabaha, nakubaliana na wewe karibu yote ila hapo kwenye 380 naomba nikukatishe kidogo.

Mi nasimamia kituo cha mafuta, nabeba mauzo ya siku, bastola ninayo miaka sasa. Nguo za kike hazina pa kuficha mguu wa kuku wenye magazini ya risasi 15, na mwanamke akivaa mkanda mpana wa ngozi juu ya dera kila mtu anajua kuna kitu. Mi nabeba 380 ndogo na iko mwilini kila siku. Mume wangu ana 9mm kubwa nzuri kabisa, iko kwenye sefu nyumbani Jumatatu mpaka Jumapili kwa sababu "inamchubua". Sasa niambie kati yetu sisi wawili nani ana silaha?

Ila Mchuuzi usidhani 380 maana yake teke dogo. Inategemea bastola yenyewe. Zile za zamani kama Walther PPK slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukifyatua) haijafungwa na kitu chochote, inazuiwa na springi na uzito wake tu, kwa hiyo springi ni ngumu kuivuta na teke linakuja lote kwenye kiganja, pale kati ya dole gumba na cha shahada panakatika ngozi kabisa. Zinazofunga mtutu na slaidi pamoja kwanza, kama Glock 42, ni laini hata kuzivuta, mama yangu mzazi anaivuta. Kaliba moja, bastola mbili, ukizishika utadhani ni vitu viwili tofauti.

Mzee wa Shabaha

Marahaba mama. Hapo umenifunga mdomo, iliyo mwilini inaishinda iliyo kwenye sefu. Kwa wewe sawa. Kwa Mchuuzi bado nasema 9mm kwa sababu siku hizi ziko nyembamba, Glock 43 ni 9mm na haijaizidi hiyo 42 yako kwa kitu kikubwa, zote magazini ni risasi 6. Ina teke zaidi lakini, hilo aambiwe.

Chuma cha Kale

Mnaisema vibaya 45 wakati jeshi la Marekani limeitumia tangu 1911 mpaka miaka ya themanini, walikuwa wajinga? Browning, yule mbunifu wa silaha, aliitengeneza kwa sababu risasi ndogo zilishindwa kusimamisha watu kule Ufilipino. Na risasi yake iende taratibu ndo uzuri wake, haitoboi ukuta ikaenda kumpata jirani.

Mzee wa Shabaha

Hawakuwa wajinga, ila risasi za 1911 zilikuwa za aina moja tu, kichwa cha mviringo, na kwa kichwa cha namna hiyo tundu pana lina faida. Hilo la ukuta sio kweli, 45 inapita ubao na bati bila wasiwasi wowote, na nusu ya nyumba za huku juu milimani vyumba vimegawanywa kwa ubao au silingi bodi.

Na hapa Mchuuzi nisikilize vizuri maana wewe kazini kwako ni mwaloni. Pale saa 12 asubuhi watu wamebanana bega kwa bega, wapagazi na magunia, mama lishe, watoto wa shule wanapita, kina mama wameanika dagaa. Kuna risasi ambazo kichwa chote kimevikwa shaba, hizo zinaingia mtu mbele zinatokea mgongoni na safari inaendelea. Na kuna za kichwa chenye tundu, zikiingia mwilini zinachanua na mara nyingi zinasimama humo. Za kwanza ni za mazoezi, za pili ndo za kutembea nazo, ulizia dukani kama zipo na polisi kama leseni yako inaziruhusu. Zikikosekana ukabaki na hizo za shaba basi ujue kila unayemlenga ana watu nyuma yake, na mara nyingi jibu sahihi pale mwaloni ni kutoa hela wakaondoka nayo. Mabondo utanunua mengine.

Ng'wana Bugarika

Mzee leo umeamka na hasira 😂 ila point.

Mchuuzi wa Mwaloni

Asanteni sana wakuu, mama wa Igoma umenichekesha na mumeo. Swali lingine. Kuna mzee mstaafu jirani yangu ana Makarov yake halali na leseni anayo, anasema macho yameisha anataka kuiachia, bei ni poa sana. Kaandika ni 9mm. Si itakula risasi hizo hizo za 9mm? Na kama ni hivyo si nimemaliza?

Mama Pampu Igoma

Haili! Tena ngoja nikueleze maana hapa watu wanaumia. Kuna 9mm tatu zinazozunguka mitaani. 9x19 ndo hiyo ya Mzee. 9x17 ndo 380 yangu, huko Ulaya wanaiita 9mm fupi, kwa hiyo hata mimi ukisoma ubavuni mwa bastola unaweza kudhani nina 9mm. Na 9x18 ndo Makarov. Hiyo namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Makarov hata unene wake sio sawa, kichwa ni milimita 9.27 wakati 9x19 ni 9.0 na nukta. Hakuna hata moja ya kutumia kwenye bastola ya mwenzake. Soma maandishi kwenye mtutu, soma na kwenye kitako cha ganda, halafu soma tena.

Mzee wa Shabaha

Sahihi kabisa. Na Makarov yenyewe ni bastola ngumu haisumbui, Warusi wameibeba tangu 1951, risasi 8, nguvu yake iko katikati ya 380 na 9x19. Shida ni tumbo lake, risasi za 9x18 kuna miezi unazunguka maduka yote hupati. Ila kikubwa zaidi, hiyo biashara msifanye nyie wawili sebuleni. Silaha haiuzwi kama baiskeli, sheria ya silaha na risasi ya 2015 iko wazi, umiliki unahama kupitia polisi. Mzee aende na silaha yake na leseni yake, na wewe uende na kibali chako kikishatoka. Ukikutwa nayo kabla ya hapo una kesi na yeye ana kesi.

Mchuuzi wa Mwaloni

Nimeelewa mzee wangu, ya jirani naachana nayo. Kwa hiyo naelekea 9mm nyembamba. Na hii hali ya hewa ya ziwani? Mi nashinda kwenye boti na maji, jasho kutwa.

Chuma cha Kale

Hapo nitakusaidia mi hata kama mmenikataa na 45 yangu. Jasho ndo adui kuliko hata maji ya ziwa maana lina chumvi. Ukibeba ndani ya suruali upande unaogusa ngozi unaanza kutu ndani ya wiki, na inaanzia kwenye skrubu za saiti (vilengeo) na kwenye mdomo wa magazini, sio pale unapopaangalia. Kila jioni ipanguse na kitambaa chenye mafuta kidogo, kidogo nimesema, mafuta yakiingia kwenye risasi yanaweza kuua kiwashio. Holista (mfuko wa bastola) ya ngozi inanyonya jasho na kulishikilia, usiiache bastola humo usiku. Zile za plastiki ngumu ni afadhali kwa huku.

Kingine wengi hawakijui. Kama kila siku unatoa risasi kwenye chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa) na kuirudisha ile ile, kichwa kinasukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Ikiwa imezama, presha inapanda vibaya ukifyatua. Ipange pembeni na risasi mpya, ukiona imekuwa fupi usiitumie tena.

Mama Pampu Igoma

Na kabla hujalipa hela usiishie kuishika pale kaunta, kaunta kila bastola ni tamu. Omba mwenye nayo akuruhusu upige uwanjani ukiwa na mkufunzi, 9mm nyembamba kwanza halafu 380, magazini mbili mbili. Angalia risasi ya tano na ya sita zinaangukia wapi, maana ya kwanza kila mtu anapata.

Mchuuzi wa Mwaloni

Sawa mama. Mzee wa Shabaha nimekutumia meseji inboksi, kama mkufunzi wa huku Mwanza unamjua naomba uniunganishe.

Mzee wa Shabaha

Nimeiona. Kibali kikitoka nijulishe, kabla ya hapo hatushiki kitu.