Siku tatu kwa wifi mjini: tupange vipi ili tusimchoshe mwenyeji?

Mama wa Watatu aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mwisho wa juma ujao una sikukuu inayoangukia Jumatatu, nasi tumeazimia kwenda kumtembelea wifi yangu, mdogo wa mume wangu, anayeishi na kufanya kazi katika jiji kubwa lililo mwendo wa takriban saa sita kwa gari kutoka kwetu. Tutakuwa watu sita: mimi, mume wangu, watoto wetu wenye umri wa miaka 11, 6 na 3, pamoja na mama mkwe, ambaye hajamtia machoni binti yake kwa karibu miaka miwili. Wifi ni muuguzi. Anaishi peke yake katika fleti ya vyumba viwili kwenye ghorofa ya tano, na usiku wa Ijumaa hiyo yuko zamu hadi saa mbili asubuhi ya Jumamosi.

Kinachonifanya niandike ni safari yetu iliyopita, kabla huyu mdogo hajazaliwa. Tulizunguka jiji zima kwa siku tatu kana kwamba tumetumwa kulihesabu. Jumapili jioni wifi alipika, akaandaa meza, akatungoja. Sisi tulikwama kwenye foleni ya magari tukitoka mahali pa nane au pa tisa, tukaingia saa nne usiku na kukuta chakula kimefunikwa na mwenyewe amelala kochini na nguo alizovaa mchana. Hakulalamika hata kidogo, na mpaka leo sijawahi kumwomba radhi kwa maneno.

Sasa mume wangu ameandika tena orodha ndefu ya mahali pa kwenda, kwa sababu anataka watoto waone kila kitu, na simlaumu, maana nafasi kama hii haiji mara kwa mara. Ninapompigia wifi simu kumuuliza angependa tufanye nini, jibu lake ni moja tu: "Karibuni sana, nyumba ni yenu." Naomba ushauri wa wale waliokwisha kulipitia jambo hili, wawe wageni au wenyeji. Siku zigawanywe vipi, tulale vipi, na ninawezaje kujua anachokihitaji mtu ambaye kwa heshima yake hawezi kukitamka?

Mwenyeji wa Ghorofani alijibu:

Dada, mimi ndiye anayetembelewa. Kwa miaka kumi na zaidi nimepokea ndugu kila sikukuu, kwa hiyo nitakuambia yale ambayo wifi yako huenda hatayasema.

Anaposema nyumba ni yenu, anamaanisha. Lakini ukimuuliza swali pana atakujibu jibu pana, kwa sababu mwenyeji hawezi kumpangia mgeni masharti kabla hajafika. Muulize mambo madogo yenye majibu mafupi: Jumamosi atalala kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, gari litaegeshwa wapi usiku, kuna ufunguo wa ziada, mlinzi wa mlangoni anahitaji majina ya wageni mapema? Na afadhali aulize mume wako, kwa kuwa ni kaka yake wa damu. Kaka anaweza kuambiwa "usije asubuhi" bila mtu yeyote kuumia, ilhali wewe wifi yake atakuonea haya.

Jambo kubwa kuliko yote katika maelezo yako ni ile zamu ya usiku. Mtu anayetoka kazini asubuhi hulala wakati mwanga wa jua na saa ya mwili wake vinamwambia aamke, ndiyo maana usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi kuliko ule wa usiku. Watoto watatu katika fleti ya vyumba viwili watauvunja hata wakinong'ona. Kwa hiyo matembezi yenu makubwa yawekeni Jumamosi asubuhi, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo kutokuwepo kwenu ni zawadi kwake. Akirudi akute mmeshaondoka, mmetandika vitanda na mapazia ya chumba chake yamefungwa. Rudini alasiri. Muda uliobaki wa safari mpeni yeye, kwani hata kosa la mara iliyopita, kwa maoni yangu, halikuwa wingi wa mahali mlipokwenda bali kwamba mlitoka katika saa ambazo yeye alikuwepo na macho.

Mengine ni madogo ila huuma yakirundikana. Njooni na mashuka na taulo zenu, kwa sababu mtu anayeishi peke yake hana mashuka ya watu sita, na akiwa nayo atayafua peke yake mkishaondoka. Bafu likiwa moja, waogesheni watoto jioni ili asubuhi isigeuke kuwa foleni. Sokoni nendeni nyinyi, mara tu mfikapo, bila kuomba ruhusa. Na kuhusu ule usiku wa chakula kilichopoa, mwombe radhi ana kwa ana. Ameshasamehe, lakini hajasahau. Nami nina usiku wangu kama huo ambao ningependa mtu fulani anitajie siku moja.

Baba wa Mapacha alijibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, nami nitajazia upande wa watoto na barabara.

Huyo wa miaka 6 yumo katika umri unaosumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha garini, ambao kwa kawaida ni kati ya miaka 2 na 12. Tatizo hutokea pale sikio la ndani linapohisi mwendo huku macho yakiwa yameelekezwa kwenye kitu kisichosogea, kama kitabu au simu, hivyo ubongo ukapokea habari mbili zinazopingana. Mkalishe mahali anapoweza kutazama mbali mbele, mnyime simu hasa penye kona nyingi, fungua dirisha kidogo, na umpe chakula chepesi badala ya kumwacha na njaa au kumshibisha. Dereva naye asijitie ushujaa: kanuni za barabarani za Uingereza humshauri apumzike angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili za kuendesha, na ushauri huo unafaa katika barabara yoyote ile. Kwa saa sita za safari, hesabuni vituo viwili au vitatu.

Msitarajie usiku wa kwanza kuwa mzuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha mwaka 2016 kwamba mtu alalapo mahali pageni kwa mara ya kwanza, upande mmoja wa ubongo wake hubaki macho zaidi ya mwingine, kama mlinzi anayesikiliza sauti asizozizoea. Jiji lina sauti hizo tele. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka huohuo kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 5 apate saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, na wa miaka 6 hadi 12 apate saa 9 hadi 12. Ukiweka hesabu hiyo mbele ya orodha ya mume wako, utaona wazi kwamba sehemu kubwa ya orodha haiingii. Mdogo abebe shuka lake mwenyewe, lisilofuliwa siku ileile, ili alale na harufu ya kwao.

Kuhusu orodha yenyewe, sisi tulijiwekea mahali pamoja pakubwa kwa siku, asubuhi, basi. Hata watu wazima huchoka. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho la Boston, aliandika makala nzima juu ya uchovu wa makumbusho, akionyesha kwa picha jinsi mtazamaji anavyolazimika kuinama na kujipinda ili aone vitu vilivyowekwa vibaya. Ikiwa mtu mzima alichoka namna hiyo, wa miaka 3 asiyefika hata ukingo wa meza ya maonyesho hana cha kufaidi baada ya saa moja. Mwache wa miaka 11 achague vyumba viwili tu vya kuingia, nanyi mumfuate.

Mambo mawili sitaki uyasahau. Mwandikieni kila mtoto namba yenu ya simu mkononi kwa kalamu, na mkubaliane kwamba atakayepotezana nanyi asimame palepale alipo. La pili ni madirisha: kwenye ghorofa ya tano, dirisha la chumba cha watoto lisifunguke zaidi ya sentimita 10, na kitanda au kiti kisisogezwe karibu nalo. Nyumba ya mtu asiye na watoto haikupangwa kwa kuwafikiria watoto, na hilo si kosa lake.

Msafiri Mtulivu alijibu:

Kwa nini msichukue vyumba kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu naye? Watu sita kwa muuguzi anayekesha ni wengi mno. Mtaonana mchana, kila mtu atalala kwake, na hakuna atakayemkwaza mwenzake.

Bibi wa Wajukuu alijibu:

Mwanangu Msafiri, hesabu yako ni sahihi, ila kuna mama hapo kati. Mama aliyekaa miaka miwili bila kumwona binti yake, ukimpeleka akalale kwa watu wengine katika jiji lilelile, umemnyima kile alichofunga safari kukifuata. Kama nafasi ni ndogo, na alale nje baba pamoja na yule mkubwa, lakini bibi alale kwa binti yake, na ikiwezekana chumba kimoja naye.

Mama wa Watatu, mwanangu, katika maelezo yako yote umemtaja mama mkwe mara moja tu, nami naona yeye ndiye sababu ya safari hii. Mimi nimekuwa mama mkwe huyo. Nilipelekwa kuona mnara na jumba na daraja, nikapandishwa ngazi za kituo cha treni mpaka magoti yakakataa, na siku ya kuondoka nikagundua kwamba sikuzungumza na mwanangu hata saa moja nzima tukiwa peke yetu. Wapeni hiyo saa. Jumamosi jioni wewe na mume wako wachukueni watoto muwatembeze mtaani, muwaache hao wawili na mazungumzo yao, kwani yako mambo ambayo binti humwambia mama yake akishahakikisha mlango umefungwa.

Ulizeni pia kama lifti inafanya kazi, kwa maana ghorofa ya tano kwa mtu mzima si utani. Na kama anatumia insulini, ile ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji kati ya nyuzijoto 2 na 8, isigande wala isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Wenzangu wengi huificha mkobani kwa kuona haya kuomba nafasi katika friji ya mtu, kwa hiyo usingoje akuombe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jumatatu ndiyo siku yenu ya tatu, basi likamateni jembe kabla hamjapewa: sugueni bafu, toeni taka, vueni mashuka yaliyotumika, muondoke kabla ya adhuhuri ili yeye apate nusu siku yake kabla ya kurudi kazini.

Mama wa Watatu aliandika tena, siku kumi baadaye:

Nimerudi kuwashukuru na kueleza yaliyotokea, kwa sababu mlinijibu kama ndugu.

Mume wangu alimpigia dada yake simu, na ndani ya dakika tano tukajua mambo ambayo mimi sikuyapata kwa mwezi mzima, likiwemo kwamba lifti ilikuwa ikiharibika mara kwa mara. Wa miaka 6 alitapika hata hivyo, mara moja, baada ya kumnyang'anya kaka yake simu. Ijumaa usiku hatukulala sana. Jumamosi asubuhi tulitoka saa moja na nusu kwenda makumbusho na watoto wote, tukaona vyumba vitatu, kisha tukakaa kwenye nyasi za bustani mpaka saa tisa. Mama alichagua kubaki. Wifi aliporudi kutoka kazini alimkuta ameketi kimya sebuleni anamngoja, na badala ya kwenda kulala mara moja alijilaza miguuni pa mama yake pale pale kwenye kochi. Tuliporudi walikuwa bado wamelala wote wawili.

Jumapili lifti iligoma, hivyo orodha yote ya mume wangu ikaanguka kasoro kitu kimoja, nacho ni daraja kubwa alilotaka kumwonyesha mkubwa. Walikwenda wawili kwa miguu. Sisi wengine tulibaki ndani mchana kutwa, na mimi ndiye niliyepika.

Radhi nilimwomba jikoni wakati tunaosha vyombo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, lakini nilipotaja tu ule usiku wa saa nne aliweka sahani chini, akasema, "Wifi, kumbe mliniona nilivyolala na nguo za mchana." Tukakaa kidogo bila kusema kitu. Halafu akaniuliza kama mama angeweza kubaki naye mpaka mwisho wa mwezi, na Jumatatu saa tano tukaondoka watu watano.