Wauza mashine za gemu za sarafu mnatuumiza: tatizo ni tokeni mliyoacha ndani, nyie mnatuuzia bodi mpya!

Wakuu, heshima kwenu.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitazificha. Mwenye mashine ya sarafu nyumbani, iwe ya kupigana, ya mpira, au hata zile za bonanza ambazo wengine mnaziita dubwi, asome hapa kabla hajampa fundi hela ya bodi, yaani ile sakiti inayoendesha gemu.

Mashine yangu ipo barazani, Nkuhungu hapa Dodoma. Wanacheza wanangu na vijana wa mtaani. Niliiagiza Kariakoo, ikapakiwa kwenye basi, nikaipokea stendi ya Nanenane. Nikaiwasha: kioo safi, sauti ipo, vitufe vyote vinaitika. Tumbukiza mia mbili sasa. Inateremka, inagonga chuma, inadondokea kwenye kikombe cha chini. Weka nyingine, hivyo hivyo. Weka ile tokeni ya njano, kile kisarafu cha kuchezea tu kilichokuja kwenye mfuko na ufunguo wa mlango, inapokea papo hapo na gemu linaanza!

Nampigia muuzaji ananiambia, "Dada yangu, sarafu za huko kwenu zimechakaa, tumia tokeni." Sarafu za huko kwetu? Dodoma ina Benki Kuu yake? Mia mbili ni ile ile, hapa na Dar, na ni fedha halali ya nchi hii. Umeniuzia mashine ya kupokea sarafu, halafu unataka nianze kuuzia watoto vipande vya bati!

Mafundi nao. Wa kwanza hakugusa hata skrubu moja. Alitazama, akasema, "Mama, bodi imekufa hii," akataka laki na themanini. Wa pili ndiye aliyeniumiza zaidi, alimimina mafuta ya cherehani kwenye njia ya sarafu. Dodoma hii! Upepo wa Julai na Agosti unaujua, unafagia asubuhi, saa nne vumbi limerudi mezani. Yale mafuta yakanywa vumbi lote, njia ikawa na tope jekundu lililoganda, na sarafu ambazo zamani zilikuwa zinarudi sasa zikawa zinakwama katikati. Njia ya sarafu haiwekwi mafuta. Inafutwa kwa pamba na spiriti, ikaachwa ikauke, basi.

Bodi ilikuwa nzima muda wote. Aliyegundua ni kijana anayetengeneza redio Majengo. Alichomoa plagi, akafungua mlango, akatoa kile kipokea sarafu chenyewe na kunionyesha ubavuni. Kuna kishikio chenye springi, na ndani yake imebanwa tokeni ya njano. Hiyo ndiyo sarafu ya mfano.

Aina hii inafanya kazi kwa kulinganisha. Ile ya mfano inakaa kati ya koili, na sarafu unayotumbukiza inapita kwenye koili pia. Zikifanana kwa ukubwa na madini, sumaku ya umeme inavuta kigeti, sarafu inaingia, bodi inahesabu. Zisipofanana, inatemwa. Kwa hiyo mashine yangu ilikuwa inafanya kile ilichosetiwa kufanya: kukataa kila kitu kisicho tokeni ya China. Kijana akatoa tokeni, akabana mia mbili ya kawaida, siyo mpya inayong'aa wala iliyolika, akahakikisha imekaa sawasawa. Ikapokea.

Kazi ya dakika chache! Muuzaji alishindwa nini kuifanya pale dukani kabla hajafunga boksi?

Na ukishabadilisha, kuna kiskrubu kidogo cha kurekebisha ukali. Ukikilegeza mno itapokea hata washa ya bolti, na watoto wa mtaa huu watalijua hilo kabla yako. Ukikikaza mno inakataa mia mbili zilizochakaa kidogo. Jaribu na sarafu zilizochanganyika, usijaribu na moja tu.

Mambo mengine ambayo fundi angepaswa kuyatazama kabla ya kutamka neno "bodi" ni haya. Kipokea sarafu cha namna hii kinataka volti 12. Umeme ukiwa dhaifu au adapta ikichoka, kinaitambua sarafu vizuri ila sumaku haina nguvu ya kuvuta kigeti, inarudishwa. Pima volti wakati sarafu inapita, usipime mashine ikiwa imetulia. Kama sarafu inaingia ila gemu halihesabu, hilo ni tatizo jingine kabisa: angalia waya wa ishara, kijicho cha sensa kama kina vumbi, na vile viswichi vidogo pembeni, vya NO na NC (vinachagua aina ya ishara inayokwenda kwenye bodi) na vya kasi ya ishara hiyo. Na mashine isimame wima. Baraza nyingi zina mteremko wa maji ya mvua, sarafu inapita imeegemea upande.

Wenye kutaka jero, msidanganywe kwamba mashine ikipokea mia mbili itapokea na hiyo. Ya mfano ni moja, inapokea aina moja. Sarafu ya 500 iliyotoka 2014, ile ya Karume na nyati, ni chuma kilichopakwa nikeli na ina kipenyo cha milimita 27.5. Zipo mashine za zamani zenye sumaku ya kunasa vyuma bandia, hizo zitainasa na yenyewe. Kama unataka zote mbili, dai kipokea cha kufundishwa sarafu nyingi, na ufundishiwe mbele ya macho yako.

Muuzaji sasa ananiambia garantii imekufa kwa sababu "umefungua mlango". Ufunguo wa mlango alinipa yeye! Asiufungue nani, na hela inatolewa humo humo kila jioni? Nimeomba anirudishie nilichowalipa mafundi, simu yangu haipokei tena.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji na sina nia ya kuliacha. Ujumbe wake wote ninao, na tokeni ninayo. Tatizo risiti ni ya mkono, imeandikwa "mashine 1" na saini, basi. Mdau aliyewahi kupeleka lalamiko Tume ya Ushindani akiwa mkoani, wakati muuzaji yupo Dar, aniambie walimtaka vielelezo gani na kama risiti ya aina hii walimpokelea.